Ekseli ya Nyuma ya Gari la Porini: Kuimarisha Bila Kuhamisha Tatizo

Shafti ya nyuma, kile chuma kirefu kinachozungusha gurudumu, inakatika mlimani. Mwenye gari ananunua nyingine, nene na ngumu zaidi, anaifunga na kurudi porini kwa imani. Muda si mrefu yanang'oka meno ya pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, ile gia kubwa ya ndani ya ekseli. Anafunga krauni na pinioni mpya, na safari hii inapasuka krosi, kiungo cha propela, yaani shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli. Kila kipuri alichonunua kilikuwa kizuri, na bado gari linarudi karakana likivutwa. Kilichokosekana ni hesabu ya njia inayopita nguvu, na uamuzi wa mapema kuhusu kipande kipi kiachwe kivunjike kwanza.

Ekseli ya nyuma inafanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Inabeba uzito wa gari, na inapeleka msokoto kwenye magurudumu. Uzito huelekea kuipinda hausingi, yaani lile ganda lenye difu katikati na bomba mbili pembeni. Msokoto hushambulia vilivyomo ndani: pinioni, krauni, gia ndogo za difu na shafti. Maradhi ya kazi ya kwanza hayatibiwi kwa dawa ya kazi ya pili. Ukiwa na hausingi iliyopinda, shafti ya bei yoyote ile itakufa mapema.

Mzigo unatoka wapi

Wengi huanza na injini, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Chukua injini yenye msokoto wa Nm (nyutoni-mita) 300. Gia ya kwanza inauzidisha mara 4, gia nzito ya giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) mara 2.5, krauni na pinioni mara 4.1. Jibu ni Nm 12,300. Hakuna shafti ya kawaida inayoumeza msokoto huo, lakini magari hayavunjiki kila yanapoondoka kwa gia nzito, kwa sababu tairi huteleza kwanza. Kwenye gia nzito, kinachoamua shafti itabeba kiasi gani ni tairi na ardhi: uzito ulioko juu ya gurudumu, mara mkwaruzano, mara nusu kipenyo cha tairi.

Tuhesabu. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,300, huo ni uzito wa karibu nyutoni 12,750. Tuseme mkwaruzano ni 0.8, na tairi ni la inchi 30, lenye nusu kipenyo cha takriban mita 0.38. Magurudumu yote mawili kwa pamoja yatapokea Nm 3,900 hivi kabla ya kuteleza. Difu ya kawaida hugawa sawa kwa sawa, kwa hiyo kila shafti inabeba kama Nm 1,940.

Sasa funga loka, kifaa kinachoifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Gurudumu la kushoto likining'inia hewani, uzito wote wa nyuma unahamia kulia, na loka inaruhusu msokoto wote upite upande huo. Shafti ile ile iliyokuwa ikibeba Nm 1,940 sasa inabeba 3,900. Ongeza matairi ya inchi 35, na hesabu inafika kama 4,535. Injini haijaguswa hata kidogo, lakini mzigo wa shafti moja umekuwa mara 2.3 ya ule wa mwanzo. Kupanda mlima kwenyewe kunasukuma uzito zaidi nyuma, na mwamba mkavu unashika kuliko 0.8, kwa hiyo hali halisi ni kali kuliko mfano huu.

Juu ya yote kuna kishindo. Gurudumu linazunguka kwa kasi hewani, dereva bado amekanyaga mafuta, ghafla tairi linagusa mwamba na kushika. Mzunguko wa tairi zito, rimu, shafti na propela unasimamishwa kwa mara moja, na nguvu hiyo haimo kwenye hesabu yetu ya mwendo wa taratibu. Ukisikiliza visa vya shafti kukatika, vingi vina sekunde hiyo ndani yake. Ndiyo maana dereva mpole huishi miaka na ekseli ambayo mwenzake aliimaliza kwa siku moja, na ndiyo maana naamini mguu wa dereva unastahili kuhesabiwa kama sehemu ya ekseli.

Gari kama lilivyotoka kiwandani, lenye difu ya kawaida na matairi ya ukubwa wake, kwa kawaida halihitaji kuimarishwa ekseli. Matairi makubwa na loka ndivyo vinavyofungua mlango.

Ni nani anayelishika gurudumu

Kabla ya kununua chochote, jua aina ya ekseli uliyonayo. Kuna ile ambayo shafti yenyewe imebeba gurudumu: beringi moja imekaa mwisho wa bomba, shafti imepita katikati yake, na gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye flanji, yaani kichwa bapa cha shafti. Hapo shafti inasokotwa na kupindwa kwa wakati mmoja. Ikikatika karibu na flanji, gurudumu linaondoka. Katika baadhi ya ekseli za namna hii, kama Dana 35 nyingi za Jeep na Ford 8.8, shafti inazuiwa na kipande kidogo chenye umbo la herufi C ndani ya difu. Huko hata mkatiko wa ndani unaweza kuachia shafti ichomoke pamoja na gurudumu, na kama gari liko kwenye kasi, hilo ni jambo la uhai wa watu.

Aina ya pili humwachia mwingine uzito. Habu inazunguka juu ya beringi mbili zilizokaa kwenye spindo, na spindo imeshikwa na hausingi. Shafti inapita katikati, imefungwa kwenye habu kwa boliti, na kazi yake ni kusokota tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unafungua boliti za flanji tairi likiwa bado chini, unachomoa vipande vyote viwili, unafunika tundu, na unatoka porini kwa magurudumu ya mbele. Land Rover za zamani zimejulikana kwa hili: shafti zake za splaini 10 (splaini ni yale meno ya mwisho wa shafti yanayoingia kwenye gia) hazikuwa na nguvu nyingi, lakini zilibadilishika njiani. Land Cruiser 80 nyingi na ekseli nyingi za malori zina mpango huu pia.

Kwa mtu anayekwenda mbali na barabara, akiwa na mizigo mizito, mimi ningependa aina hii ya pili hata kabla ya kuzungumzia unene wa shafti. Zipo seti za kugeuza ekseli ya aina ya kwanza iwe ya pili. Zipo pia seti za kuondoa kile kipande cha C na kuishika shafti kwenye mwisho wa bomba. Za namna hiyo zinasaidia gurudumu lisichomoke shafti ikikatikia ndani, ila kagua ubora wa beringi na sili zake, kwa sababu baadhi huvuja.

Shafti: unene, chuma na kusoma mkatiko

Nguvu ya shafti dhidi ya msokoto hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Kutoka milimita 30 hadi 33 kunaongeza theluthi moja. Kutoka 30 hadi 38 kunaongeza maradufu. Hii inaeleza kwa nini tofauti ambayo jicho halioni inaleta matokeo makubwa mwambani, na kwa nini ngazi za ekseli zinazofahamika zinapangika hivi: Dana 35 ina splaini 27 na krauni ya inchi 7.6 hivi, Dana 44 ina splaini 30 na krauni ya inchi 8.5, na Dana 60 ina krauni ya inchi 9.75 na mara nyingi shafti ya splaini 30 hadi 35.

Njia nyingine ni chuma chenyewe. Shafti nyingi za kiwandani ni chuma cha kaboni kilichogumishwa juu kwa joto, huku ndani kikiachwa laini kidogo ili kivumilie. Zile za kuimarisha hutengenezwa kwa aloi yenye kromiamu na molibdeni, kama 4340, inayovumilia msokoto mkubwa kwa kipenyo kile kile. Tazama pia umbo. Shafti iliyoundwa kwa akili hupunguzwa kidogo unene nyuma ya splaini, isibaki nene mwili mzima. Ukiiona utadhani ni udhaifu, kumbe unene ukilingana na mzizi wa splaini, msokoto unasambaa kwenye urefu wote badala ya kujibana kwenye ule mstari mmoja ambapo splaini zinaanza.

Shafti ikikatika, usitupe vipande. Vifute mafuta na uvitazame kwenye mwanga. Uso wa mkatiko ulio bapa, umekaa wima kwa urefu wa shafti na una dalili za kuzungushwa kama umekorogwa, unasema chuma kilizidiwa kwa mara moja. Mkatiko ulioteremka kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kama kinavyokatika kipande cha chaki ukikisokota, unasema chuma kilikuwa kigumu mno na hakikuvumilia. Lakini ukiona sehemu moja ina mistari laini iliyopindana kama mawimbi ufukweni, na sehemu iliyobaki inaparuza na kung'aa kama mpya, huo ni uchovu: ufa ulianza zamani pembeni, ukatambaa kidogo kidogo, na siku ya mwisho ilikuwa ya kumalizia tu. Uchovu wa kupindwa mara nyingi hutokana na beringi iliyolegea au hausingi iliyopinda. Kununua shafti ngumu bila kugusa chanzo hicho ni kununua muda.

Kabla ya kukatika, shafti nyingi hutoa taarifa. Ichomoe na uangalie splaini zake kwa kuweka rula iliyonyooka juu yake. Zikiwa zimeanza kupinda kama kamba iliyosokotwa, chuma kimeshapita mpaka wake na hakirudi. Baadhi ya watu huchora mstari mmoja wa rangi ulionyooka kutoka flanji hadi splaini shafti ikiwa mpya. Kila wanapofungua wanatazama kama mstari umejipinda. Ni kazi ya dakika moja na sijaona kipimo rahisi kuliko hicho.

Krauni na pinioni

Matairi makubwa yanalifanya gari liwe zito kuondoka, kwa hiyo watu hubadilisha uwiano wa difu. Kanuni ni nyepesi: uwiano wa zamani mara ukubwa wa tairi jipya, gawanya kwa ukubwa wa tairi la zamani. Uwiano wa 3.73 ukitoka inchi 30 kwenda 35 unataka 4.35, na wengi huchagua 4.56 ili wapate nafuu ya uzito ulioongezeka.

Kuna jambo hapa ambalo halizungumzwi vya kutosha. Uwiano wa 3.73 kwa kawaida ni krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11. Wa 4.56 ni 41 kwa 9. Wa 4.88 ni 39 kwa 8. Krauni haiwezi kukua ndani ya hausingi ile ile, kwa hiyo pinioni ndiyo inayonyauka, na meno yanayogusana kwa wakati mmoja yanapungua. Ukizidisha uwiano unalipa kwa nguvu ya pinioni. Upande wa pili, propela na giaboksi ndogo zinapumua: kwa msokoto ule ule kwenye gurudumu, kutoka 3.73 hadi 4.56 kunapunguza mzigo wa propela kwa asilimia 18 hivi. Mzigo haujaondoka, umebadili makazi. Kwenye ekseli yenye krauni ndogo, ningekomea 4.56 na kutafuta nafuu iliyobaki kwenye giaboksi ndogo.

Ekseli nyingine zinahitaji kasha jingine la difu uwiano ukivuka kiwango fulani, kwa sababu krauni inakuwa mbali na pinioni. Uliza kabla ya kulipa.

Ufungaji wenyewe ndio unaoamua maisha ya gia. Fundi anapaka rangi nzito, ya njano mara nyingi, kwenye meno machache ya krauni, anaizungusha mbele na nyuma huku akiizuia kidogo kwa kitambaa, kisha anasoma alama ya mguso. Alama ikikaa katikati ya jino, kina cha pinioni ni sawa. Ikizama kuelekea mzizi wa jino, pinioni imeingia mno. Ikipanda kuelekea ncha, pinioni iko mbali. Halafu kuna nafasi ya kuchezea kati ya krauni na pinioni, mara nyingi milimita 0.15 hadi 0.25, inayopimwa kwa geji ya saa. Ikibana sana gia zinachemka na kuvuma, ikilegea sana kila kishindo kinakuwa nyundo. Mwisho ni mkazo wa beringi za pinioni. Ekseli nyingi hutumia bomba jembamba linalominywa nati inapokazwa. Ukilipitiliza, halirudishwi kwa kulegeza nati. Linawekwa jipya na kazi inaanza upya. Kwa gari la porini, bomba gumu lisilominyika pamoja na shimu zake (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) ni bora, kwa kuwa mkazo haubadiliki baada ya vishindo.

Fundi asiyekuonyesha alama ya mguso kabla ya kufunga kifuniko anastahili kuulizwa.

Kuhusu loka zenyewe nitasema machache. Kuchomelea gia za difu ziwe kitu kimoja ni njia ya watu wasio na fedha, na kwenye barabara ngumu inatesa shafti na matairi kila kona. Loka inayofunguka dereva anapotaka, kwa hewa, umeme au waya, inazipa shafti mapumziko sehemu kubwa ya maisha yake, na ndiyo chaguo langu kwa gari linalotumia barabara pia.

Hausingi: pale ambapo kila kitu kimekaa

Springi zinasukuma bomba chini, magurudumu yanasukuma ncha juu. Gari likidondoka kwa nguvu, ncha za hausingi hupanda na vichwa vya magurudumu huinamia ndani. Dalili zake ni tairi kulika upande wa ndani, sili ya mwisho wa bomba kuvuja hata ikibadilishwa, na beringi ile ile kufa mara kwa mara. Rimu zilizotokeza nje na vipande vya kusogezea magurudumu vinaongeza mkono wa nguvu na kuharakisha yote haya.

Kwanza hakikisha hausingi imenyooka. Baada ya hapo ndipo kiunzi cha juu kina maana: bamba la chuma lililokatwa kufuata umbo la ekseli, likichomelewa kutoka bomba hadi bomba na kupita juu ya kitovu. Hausingi zenye mgongo wa chuma kilichokunjwa na kuungwa, kama za Toyota nyingi, hupokea kiunzi bila tabu. Zile za aina ya Dana zina kitovu cha chuma cha kusubu, ambamo bomba zimepigwa kwa nguvu na kuchomelewa kwenye vishimo vichache tu. Chini ya kishindo kikubwa bomba linaweza kuzunguka ndani ya kitovu. Kuchomelea kiungo hicho mzunguko mzima ni jambo jema, lakini chuma cha kusubu hupasuka kikipoa haraka. Kinatakiwa kipashwe moto kwanza, kitumiwe fimbo yenye nikeli, kisha kifunikwe kipoe polepole kwa saa nyingi.

Joto la kuchomelea hupinda bomba kuliko mwamba unavyoweza. Weka vipande vifupi vya mchomo, hama upande, hama ncha, acha ipoe, rudi tena. Mafundi makini hupitisha fito iliyokerezwa ikanyooka, ndani ya vikombe vilivyokaa mahali pa beringi, toka ncha hadi ncha, na kuizungusha kwa mkono kila baada ya hatua. Ikianza kukwama wanajua ni upande upi uliovutwa. Gia na beringi zitolewe kabla, na klipu ya ethi ifungwe karibu na mchomo, kwani umeme ukipita kwenye beringi unaacha vidonda visivyoonekana.

Vitu vidogo vinavyoua ekseli nzuri

Difu iliyochemka ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Oili inageuka rangi ya maziwa. Mpira wa kupumulia ukirefushwa hadi juu ya injini au ndani ya bodi, tatizo linaisha. Kwa kazi ndogo kiasi hiki, nashangaa magari mangapi yamefungwa loka bila kurefushwa mpira huu.

Ukiinua gari, pembe ya pinioni inabadilika na krosi za propela zinaanza kutetemeka. Kwenye propela yenye krosi moja kila upande, mhimili wa pinioni uwe sambamba na ule wa giaboksi ndogo. Kwenye yenye krosi mbili upande wa giaboksi, pinioni iitazame propela. Springi za majani nazo hujikunja umbo la S msokoto ukiwa mkubwa, na pinioni hunyanyuka na kupiga. Fimbo ya kuzuia mzunguko huo huokoa krosi nyingi. Breki pia zitazamwe, maana tairi kubwa linapunguza nguvu ya breki zile zile.

Kukarabati au kubadilisha nzima

Ukijumlisha shafti, gia, loka, kiunzi na seti ya habu, mara nyingi unafika karibu na gharama ya ekseli kubwa kutoka gari jingine. Wenye Jeep Cherokee wamekuwa wakifunga Ford 8.8 ya Explorer za 1995 hadi 2001, yenye splaini 31 na breki za diski, na wengine hutafuta Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa 1957 hadi 1986, ambayo difu yake hutoka kwa mbele ikiwa kipande kimoja. Kwa krauni ndogo na mpango wa matairi ya inchi 35 pamoja na loka, ningebadilisha nzima. Kwa krauni ya inchi 8.5 au zaidi, hausingi ikiwa imenyooka, shafti za aloi na kiunzi vinatosha watu wengi. Kumbuka uzito: ekseli kubwa inaongeza mzigo usiobebwa na springi, na kitovu chake kinaning'inia chini zaidi na kugonga mawe ambayo ya zamani ilikuwa ikiyapita.

Popote utakapoishia, panga fyuzi, yaani kipande kitakachovunjika kwanza. Kwenye ekseli ambayo gurudumu limeshikwa na habu, shafti ya nyuma ni fyuzi nzuri kwa sababu inatolewa kwa spana moja. Kwenye ile ambayo shafti imebeba gurudumu, hamishia udhaifu kwenye krosi ya propela, na ubebe krosi ya akiba na boliti zake. Pinioni isiwe fyuzi kamwe. Ikivunjika, vipande vyake vinazunguka na krauni, vinachana beringi na wakati mwingine vinatoboa kifuniko.

Gia mpya zikishafungwa, endesha mwendo mfupi wa taratibu, simama ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, bila kuvuta mzigo wowote. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga oili ya kwanza na utazame sumaku ya kizibo. Vumbi la kijivu laini ni la kawaida. Chembe unazoweza kuzishika kwa vidole zinataka kifuniko kifunguliwe kabla gari halijarudi mlimani.